Motokaa ya Babu na Mikebe Mitano

Nyuma ya nyumba ya babu yangu, hapa Dabani, chini ya mwembe, ilikuwako motokaa ambayo tangu nilipozaliwa sikupata kuiona ikienda hata hatua moja. Kuku walitaga ndani yake. Mvua ilipokuja ghafula sisi watoto tulikimbilia humo, tukakaa katika viti vilivyochanika, na mmoja wetu akashika usukani akatupeleka Kampala, Nairobi, Roma, na kila mahali tulipopata kusikia habari zake darasani. Ilikuwa Peugeot 404. Babu husema rangi yake ni kijani, lakini mimi niliona kutu tu. Namba yake ilianza kwa herufi U, kama zilivyokuwa namba za motokaa za Uganda zamani.

Mhariri wetu ameniomba niandike habari za likizo yangu. Ningeweza kuandika juu ya mpira, maana timu ya kijiji chetu ilishinda mara mbili, lakini kusema kweli mimi sikuwapo. Likizo yangu yote, tangu Desemba hata shule zilipofunguliwa Februari, ilikwisha chini ya mwembe ule. Basi nitaandika yaliyotokea huko, pamoja na jambo moja ambalo ningependa kuliruka.

Kwanza yafaa nieleze motokaa yenyewe, kwa sababu wadogo zetu wa madarasa ya chini hawaijui. Na wazee waliosoma hapa zamani watanisahihisha nikikosea. Peugeot 404 ilitengenezwa Ufaransa, katika mji wa Sochaux, tangu mwaka 1960 mpaka mwaka 1975. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Hata baada ya Wafaransa kuiacha kwao, huko Kenya ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi. Injini yake ina silinda 4, na imelazwa ubavu kwa digrii 45, hata ukifungua boneti kwa mara ya kwanza utadhani imeanguka. Kijiti cha gia hakiko sakafuni bali kiko kwenye shingo ya usukani.

Sifa zake katika nchi zetu zilitokana na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, nayo katika miaka ile ya kwanza yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza 7 tu. Na mwaka 1968 vilevile zilimaliza 7. Babu anasema alipokuwa kijana alisimama kando ya barabara ya Tororo siku za Pasaka kuzitazama zikipita, lakini alichoona ni matope yenye macho mawili. Akaapa kwamba atanunua moja ya namna ile.

Aliinunua mwaka 1971, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, akawa anachukua abiria kati ya Busia, Tororo na Jinja. Ikasimama mwaka 1993. Mwaka 2010 baba mdogo, aliyekuwa fundi wa motokaa, aliahidi kuifufua. Akafungua kichwa cha injini, kabureta, feni, pampu ya maji na vitu vingi vingine, na vipande vidogo akavitia katika mikebe mitano: mitatu ya Kimbo na miwili ya Blue Band. Hakuandika neno lolote juu ya mikebe ile. Fundi hujua mwenyewe alichokifungua. Kisha akaitwa kazini Nairobi, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Hakurudi, ila kwa kuletwa. Alifariki mwaka 2012, na kaburi lake liko hatua chache kutoka kwenye mwembe. Mikebe ikabaki ghalani, na hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Sisi watoto tulicheza duka kwa nati zake, na nadhani hatukurudisha zote.

Basi mwezi wa Novemba uliopita akaja nyumbani mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambavyo kwetu watu huviita skrapu. Akaizunguka motokaa, akaipigapiga kwa ufunguo wake, akataja bei. Bei ile ilikuwa zaidi ya nusu ya karo yangu ya muhula wa kwanza. Baba akakubali. Babu, aliyekuwa amekaa barazani, akasema, "Ngojeni shule zifunguliwe. Nataka kuisikia mara moja."

Alisema kuisikia, hakusema kuiona. Ugonjwa wa presha ya macho umemla macho kidogo kidogo kwa muda wa miaka sita, na sasa anabagua mwanga na giza tu. Baba alinyamaza, kisha akamwambia yule mnunuzi arudi Februari.

Mimi sikufurahi hata kidogo. Ilikuwa karo yangu. Nilimwona babu kama mtu anayeomba toi.

Asubuhi ya kwanza nilitandika gunia chini ya mwembe nikaimwaga mikebe yote mitano. Babu akasikia mlio ule akasema, "Mume mwenzangu, umefanya nini?" Nikajibu kuwa nimetoa vitu vyote tuvione. Akaguna. Baadaye nilifahamu kosa langu. Baba mdogo alikuwa amepanga kila mkebe kwa mahali pake, na ndani ya mkebe kitu cha juu ndicho alichokifungua mwisho. Ule mpangilio ulikuwa kama maandishi, nami niliufuta kwa dakika moja kabla ya kujua kuusoma.

Nilihesabu vipande 143. Nati, bolti na washa zilikuwa 88, nazo hazikunitisha. Vilibaki vipande 55, na katika hivyo nilikifahamu kimoja tu: pini ya pedali ya baiskeli, ile iitwayo kotapini. Nani katika Busia asiyeijua? Huku mpakani ndiko ilikoanza kazi ya boda boda, watu wakipakiwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili, na jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza la mpaka. Nikaiweka pini ile kando, nikamwambia babu kwamba imeingia humo kwa bahati mbaya. Babu hakusema kitu, akanyosha mkono nimpe kipande kingine.

Kazi tulifanya hivi. Mimi nilikitwaa kipande nikakieleza: kirefu, kifupi, cha duara, kina meno, kina tundu. Kisha nikampa mkononi. Yeye alikigeuzageuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, akakinusa. Mara nyingi mimi niliuliza, "Hiki ni nini, babu?" naye akaniuliza, "Kimesuguana na nini?" Nikakasirika, maana nilidhani ananichezea. Lakini baada ya siku tatu nne nikaanza kuona kile alichokuwa akikigusa. Kila chuma kilichofanya kazi kina mahali palipong'aa, na hapo ndipo chuma kingine kilipopita. Mahali pale pakiwa upande mmoja tu, kitu hicho kilisukuma au kilisukumwa. Pakiwa pande zote sawasawa, kilizunguka. Kipande kilichokaa ndani ya oili kina utando wa rangi ya chai. Kilichoguswa na maji kina unga mweupe mgumu usiotoka kwa kitambaa. Kilichokaa karibu na moto kina masizi makavu, na chuma chake kimekuwa cha buluu. Basi nikafanya mafungu: fungu la oili, la maji, la moto, na la vile ambavyo havikuguswa na chochote isipokuwa hewa na vumbi.

Kwa njia hiyo zile pete nyembamba kama karatasi, ambazo nilitaka kuzitupa, zikaenda fungu la maji, na babu akasema ni za kuziba chini ya slivu za silinda. Slivu za 404 hazikushikamana na injini. Zimesimama ndani ya maji kama glasi ndani ya beseni, na pete hizo ndizo zinazozuia maji yasiingie katika oili. Ningezitupa, injini ingekunywa maji yake yenyewe.

Chuma kirefu kilichopinda mara mbili, ambacho mama alikipigilia ardhini kumfungia mbuzi, babu alikitambua kwa kujikwaa nacho. Ni hendeli ya kuwashia injini kwa mkono. Ukitazama chini ya namba ya mbele ya 404 utaona tundu lake. Mbuzi akafungwa kwenye mpapai.

Kulikuwa na shida nyingine. Vipande vingine havikukubali mahali popote. Nilivijaribu huku na huku, babu akavigeuza mkononi mpaka akachoka. Hapo akanituma kwa fundi mmoja wa Busia kuazima spana za aina mbili, za milimita na za inchi. Ufaransa ni nchi ya milimita. Waingereza walitumia inchi. Nati iliyokaa vizuri katika spana ya milimita tuliiweka upande wa Peugeot, na iliyopwaya katika kila spana ya milimita lakini ikashikwa na ya inchi tuliiweka upande mwingine. Hata mwisho wa siku upande wa Waingereza ulikuwa na vipande 11. Nikasema, "Babu, hii ni motokaa ya Ufaransa. Hawa Waingereza wameingiaje?"

Akacheka, akanieleza. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwa Wahindi wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maduka ya spea yalikuwa mengi mikononi mwao. Yakagawiwa watu wengine, spea zilizokuwamo zikauzwa, na zilipokwisha hazikuja nyingine. Tangu hapo mwenye motokaa Uganda alikuwa mtu wa kuomba. Kilichopatikana kilivushwa mpaka usiku kwa magendo, kimefungwa chini ya baiskeli au katikati ya mzigo wa ndizi. Huwezi kumwambia mtu aliyehatarisha maisha yake kukuletea koili ya umeme kwamba koili hii ni ya Ford Anglia. Unamshukuru, unamlipa, kisha unaichonga mpaka ikubali. Hivyo 404 ya babu ikaanza kula vya watu: bomba la maji la lori la Bedford, kifunga cha mlango wa Land Rover, springi ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua hata wakati ule.

"Na ile pini ya baiskeli uliyoitenga," akasema, "iko wapi?"

Nikampa. Akanionyesha ubavu wake kwa kidole, na kweli ulikuwa umelika kwa namna ambayo pedali haiwezi kuula, kama mahali palipotafunwa na pete. Pini ile ilishika fimbo ya gia kutoka mwaka 1976 mpaka siku motokaa iliposimama. Yaani kile kipande kimoja nilichojisifu kukijua ndicho nilichokikosea.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Siku ya pili ya kazi, kabla sijajua lolote katika haya niliyoyaeleza, yule mnunuzi wa skrapu alinikuta njiani nikienda kuteka maji. Akaniambia chuma anakinunua kwa bei ndogo, lakini shaba, hasa ya njano, anaitaka sana na hulipa papo hapo. Jioni ile nikachagua katika gunia vipande 6 vya shaba vilivyokuwa vidogo na, kwa macho yangu, havina kazi. Nikajiambia kwamba motokaa yote itauzwa Februari, basi hivi ni vyake tangu sasa. Akanipa shilingi 3,000. Nilikula chapati na soda pale senta, nikarudi nyumbani.

Katika wiki ya tatu tulifika kwenye feni. Nilishangaa kuona kuwa feni ya 404 inazunguka bure kwenye mhimili wake. Nikishika puli yake na kusukuma panga, panga linakwenda, puli haiendi. Nikasema, "Babu, hii imevunjika." Akajibu, "Haijavunjika. Hiyo ndiyo akili yake." Akanifafanulia jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha fizikia, ingawa kanuni yake imo katika vyote. Ndani ya puli kuna sumaku ya umeme, waya wa shaba uliozungushwa. Injini ikiwa baridi, sumaku haina umeme na feni haishikwi na kitu. Kwa hiyo injini haipotezi nguvu wala petroli kuzungusha upepo usiohitajika. Maji yakipata moto wa kutosha, swichi ndogo yenye kupima joto huunga umeme, sumaku huvuta bamba la feni, nayo hushikwa na kuzunguka pamoja na puli. Maji yakipoa, huachiwa. Na hayo yalibuniwa kabla ya baba yangu kuzaliwa.

Nikamwuliza umeme unaingiaje katika kitu kinachozunguka, maana waya ungejisokota na kukatika. Akafurahi kwa swali lile kuliko maswali yangu yote. Akasema, "Kuna kijiti cha kaboni, kifupi kama punje mbili za mahindi, kimekaa ndani ya kijumba cha shaba chenye springi, na waya umeshika mkiani. Kijiti hicho husimama tu, kikagusa pete inayozunguka. Kitafute. Kiko miongoni mwa vya shaba."

Nilikijua mara moja. Nikakumbuka hata uzito wake katika kiganja. Nikasema, "Hakimo, babu."

Na kweli hakikuwamo.

Babu akasema labda macho yangu yamekiruka. Akaomba gunia lote liletwe kwake. Kwa siku mbili alikaa juu ya kigoda akapekua vipande kimoja kimoja, vyote 137, akaingiza kidole ndani ya kila mkebe mtupu na kuzungusha chini yake, akanituma nikapapase ghalani. Siku ya pili jioni akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, kwamba mwanawe hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Alikuwa anamlaumu marehemu, na kaburi liko pale.

Ndipo nikasema. Sikupanga maneno. Nilisema kuwa nilikiuza, pamoja na vingine vitano, nikataja siku na mnunuzi.

Babu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Alikupa ngapi?"

"Elfu tatu, babu."

"Ukafanyia nini?"

"Nilinunua chapati na soda."

"Ulikula na nani?"

"Nilikula peke yangu."

Neno hili la mwisho ndilo lililomwumiza, niliona usoni mwake. Akainuka akashika ukuta, akaenda ndani. Usiku ule sikuitwa kula naye kama ilivyo kawaida yetu.

Asubuhi mapema nilikwenda kwa yule mnunuzi. Akaniambia mzigo wake ulikwisha kupakiwa katika lori wiki iliyopita, umekwenda Jinja kwenye viwanda vya kuyeyusha. Nikampa shilingi 3,000 nilizokopa kwa rafiki. Akazikataa akicheka, akasema yeye hana cha kunirudishia. Nikarudi kwa miguu mpaka Dabani, ingawa boda boda walinipigia honi njia nzima.

Nilimkuta babu amekwisha kukaa chini ya mwembe. Akasema, "Leta tochi." Nikafikiri, masikini, amesahau kuwa haoni. Nikaileta. Akasema, "Si tochi. Jiwe lake. Lililokwisha." Nikamletea jiwe la tochi lililoisha nguvu. Akaniamuru nilipasue kwa nyundo taratibu. Katikati ya ule unga mweusi pana kijiti, na kijiti chenyewe ni kaboni tupu. Akasema, "Mwaka 1974 tuliendesha hivi miezi minane. Tafuta kipande cha bomba la shaba kijumba kiwe, na springi ya kalamu. Chonga polepole. Ukivunja, mawe ya tochi yako mengi dukani."

Nilivunja vijiti vinne. Cha tano kilikaa. Hakuna kazi ya shule niliyoifanya kwa uangalifu kama ule. Nilikisugua juu ya msasa mpaka kikateleza ndani ya kijumba chake bila kukwama na bila kupwaya. Nikampa babu akipime kwa kidole. Akanirudishia bila kunisifu, akasema, "Endelea na kabureta."

Sitaeleza kazi yote, maana kufunga ni kazi ndefu isiyo na hadithi. Fundi yule wa Busia alikuja Jumapili mbili baada ya Misa kukaza kichwa cha injini kwa spana yake yenye kipimo, kwa kuwa bolti za kichwa zina mpango wake wa kukazwa, kuanzia katikati kwenda nje. Gasketi tulipata Kenya, ng'ambo ya mpaka, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa ameitundika ukutani kama picha. Petroli tulitia katika chupa, tukaiinua juu ya boneti kwa mpira, sababu tangi limetoboka kama chujio. Betri tuliazima kwa jirani mwenye pikipiki. Ni ndogo, haiwezi kuzungusha stata ya motokaa, lakini ina volti 12, zinatosha kutoa cheche katika plagi na kuilisha ile sumaku. Kuzungusha injini ilikuwa kazi ya hendeli ya mbuzi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotaka, na watoto wakapanda juu ya mwembe. Baba alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Babu alikaa karibu na rejeta hata nikaogopa, lakini alikataa kusogea. Akanionya nishike hendeli kwa vidole vyote upande mmoja, kidole gumba nisikizungushe, kwa sababu injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Nikazungusha mara kumi, mara ishirini. Haikutoa hata kikohozi. Fundi akarekebisha majira ya cheche, nikazungusha tena. Ikapiga chafya moja, moshi ukatoka kwenye kabureta, watoto wakashangilia. Nikapumzika. Baba akavua koti lake, akaja akanipokea hendeli bila neno, akavuta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ikawaka.

Ilikuwa na kelele mbaya sana, kwani bomba la moshi halikuwapo, na kuku wote wakakimbilia shambani. Watu wakapiga vigelegele. Lakini babu aliinua mkono kuwanyamazisha, na nikaelewa kuwa anangoja. Feni ilikuwa ikijivuta polepole tu, kama mtu asiyetaka kazi. Maji yalianza kutoa joto. Niliweka kiganja juu ya rejeta nikalisikia likipanda. Dakika moja, mbili, tano. Nikamtazama fundi, naye akaniangalia. Nilianza kufikiri juu ya kile kijiti changu, kwamba pengine hakigusi, au kimevunjika ndani, na kwamba tukizima injini sasa haitawaka tena, na Februari imefika.

Kisha ikalia "tak", na upepo ukatupiga usoni sote wawili kwa nguvu.

Babu akasema, "Umeshika."

Tuliiacha iungurume muda wa dakika kumi na tano, tukaizima kwa kuwa petroli ilikwisha. Jioni niliitwa kula.

Yule mnunuzi alirudi Februari kama alivyoambiwa. Baba alimpa mabati ya zamani ya jikoni na fremu ya kitanda. Karo yangu ililipwa nusu kwa mahindi, na nusu nilisamehewa kungojewa mpaka mwisho wa muhula. Motokaa bado haijaenda mahali popote. Haina breki, haina tairi hata moja zima, na sakafu yake inaonyesha majani. Kwa likizo ijayo tumepanga breki.

Katika vile vipande 55 tumekwisha kutambua vyote isipokuwa kimoja, na kwa sababu hiyo hasa nimekubali kuandika habari hizi, nikitumaini kwamba miongoni mwa wazee waliosoma hapa kuna aliyewahi kuendesha au kutengeneza 404. Ni cha madini meupe mepesi, urefu wake kama kidole cha kati, kina matundu mawili, moja lenye nyuzi za skrubu za milimita. Katikati kina kijiti cha shaba kinachosukumwa na springi na kurudi chenyewe. Ncha ya kijiti imelika upande mmoja tu. Hakina oili, hakina unga wa maji, wala masizi. Babu amekishika kwa wiki nzima, na usiku hukiweka chini ya mto wake. Anayekijua na amwandikie mhariri.